Sekunde tisa ambazo sikuweza kuzieleza

Swali liliulizwa kwa upole, na labda ndiyo maana limenikaa rohoni hadi leo. Tulikuwa watu sita ndani ya ofisi ya serikali ya mtaa, feni ya dari ikizunguka polepole, na simu ya mama mwenye duka ikiwa imeegemezwa kwenye chupa ya maji katikati ya meza ili kila mmoja aione. Video ilikuwa ya dakika nne. Ilimwonyesha kijana aliyekuwa akiuza katika duka la vitenge la mama huyo akifungua droo, akihesabu noti, kisha akiinama nyuma ya kaunta. Kwa muda mfupi duka likaonekana tupu. Saa iliyoandikwa kwenye kona ya picha ikafika 20:41:07, na papo hapo ikaruka hadi 20:41:16, kijana akiwa tayari anainuka, mikono mitupu.

Asubuhi yake kisanduku cha chini ya kaunta kilikutwa hakina kitu. Funguo zake zilikuwa kwa watu watatu.

Kijana hakupandisha sauti. Alinitazama mimi, si mwenyekiti, akasema: "Fundi, wewe ndiye uliyeitoa hii video kwenye mashine. Nilipoinama nilikuwa naweka hela kwenye kisanduku, kama mama alivyonielekeza. Hizo sekunde tisa zimekwenda wapi?"

Sikuwa na jibu.

Mshono wangu

Ninafunga kamera za ulinzi hapa Dar es Salaam kwa mwaka wa saba sasa. Mashine ya mama huyu nilikuwa nimeiweka irekodi pale tu kamera inapoona kitu kikitikisika, kwa sababu diski ni ghali na duka lililotulia halina cha kuhifadhiwa. Kila mtikisiko huzaa faili lake. Jioni ile mama alinipigia akiwa na uchungu na haraka, akitaka video imfikie kwenye WhatsApp kabla ya Isha. Nikachukua mafaili mawili yaliyofuatana, nikayaunganisha, nikayatoa kwenye mfumo wa mashine na kuyageuza kuwa MP4, nikamtumia. WhatsApp nayo ikaibana video hiyo tena, kama inavyobana kila video inayopita humo kwa njia ya kawaida.

Mkono wangu, basi, umo ndani ya video ile. Mshono ulio kati ya 20:41:07 na 20:41:16 niliushona mimi.

Inawezekana mashine ilisimama yenyewe kwa kuwa hapakuwa na kinachotikisika. Inawezekana nilikata kipande bila kujua nilipokuwa nikiunganisha. Inawezekana pia mtu mwingine alikaa na mashine kabla sijafika. Video iliyokuwa mezani isingeweza kuitenganisha hata moja ya hali hizo na nyingine. Mafaili ya asili yangeweza kusaidia, lakini kikao kilifanyika wiki ya tatu. Kamera nne, kila moja ikitumia kiasi cha megabiti 2 kwa sekunde, zikiwa na shughuli mchana kutwa na mlinzi akipitapita usiku, zinaweza kumaliza gigabaiti 86 kwa siku. Diski ya terabaiti 1 hujaa kabla ya siku 12 kwisha, na mashine huanza kufuta ya zamani ili iandike mapya. Yalikuwa yamekwisha kufutwa.

Naamini kwamba sikukata kitu. Lakini imani yangu si ushahidi, na kijana yule alikuwa na haki ya kudai zaidi ya hapo. Hakusubiri uamuzi, aliacha kazi siku ileile.

Kisanduku nilichokuwa nakipita

Usiku wa siku hiyo niliwasha mashine ya akiba niliyonayo nyumbani na kupitia mipangilio yake ukurasa kwa ukurasa, kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha. Karibu na mipangilio ya ubora wa picha kulikuwa na kisanduku cha kuweka tiki, na mbele yake nafasi ya kuandika neno fupi. Ni alama ya maji. Nimefunga mashine za aina hiyo madukani, kwenye maghala na majumbani, na sijawahi hata mara moja kumweleza mteja kisanduku hicho ni cha nini. Neno lililokuwemo lilikuwa lilelile la kiwandani, maana yake ni kwamba duka la vitenge na ghala la saruji yalikuwa yakigonga video zao muhuri mmoja.

Muhuri huo mdogo husomeka kwenye mfumo wa mashine yenyewe tu, kwa programu yake maalumu. Ukigeuza faili kuwa MP4, muhuri huo hupotea.

Nilianza kusoma kuanzia hapo.

Kivuli ndani ya karatasi

Alama ya maji wengi wetu tunaijua kwa mikono. Muuza duka akipokea noti ya 10,000 huiinua kuelekea kwenye mwanga na kutafuta kivuli cha sura ndani ya karatasi. Mafundi wa karatasi wa mji wa Fabriano, Italia, walianza kuweka alama za namna hiyo katika karne ya 13, kwa kukunja waya na kuufunga kwenye chekecheke ya kuchujia rojo. Palipopita waya, rojo lilikuwa jembamba zaidi na karatasi ikapenyeza mwanga zaidi. Kinachonivutia ni kwamba alama hiyo haichorwi juu ya karatasi. Huzaliwa nayo, na huwezi kuitoa bila kuitoboa karatasi yenyewe.

Katika video kazi hiyo hufanywa kwa hesabu. Mbinu nyingi za kubana picha huigawa fremu, yaani kila picha moja kati ya zinazounda video, katika miraba midogo, kwa mfano yenye pikseli (nukta za picha) 8 kwa 8, kisha kila mraba hugeuzwa kuwa namba 64 zinazoeleza jinsi mwanga unavyobadilika ndani yake, taratibu au kwa kasi. Ukiisogeza baadhi ya namba hizo kidogo sana, kwa mfano kuifanya iliyokuwa witiri iwe shufwa, jicho halioni tofauti, lakini anayejua pa kutazama anaweza kusoma ujumbe. Mwaka 1997 mtafiti Ingemar Cox na wenzake walichapisha njia iliyokuja kuwa msingi wa kazi nyingi zilizofuata: walitawanya alama yao katika namba 1,000 zenye uzito mkubwa kuliko zote katika picha, mahali ambapo mtu akijaribu kuifuta ataiharibu picha yenyewe.

Nilipoisoma hiyo nilifurahi. Nilidhani nimepata dawa: alama ngumu, isiyofutika hata video ikibanwa, ikipunguzwa ukubwa au kuzungushwa kwenye simu 100.

Nilikuwa nimekosea, na ilinichukua siku kadhaa kuliona kosa.

Alama inayopaswa kuvunjika

Alama isiyofutika inamfaa mwenye filamu anayetaka kujua nani ameiba kazi yake. Popote video itakapofika, jina lake limo. Lakini swali la kijana yule halikuwa la umiliki. Hakuna aliyebisha kwamba video ilitoka kwenye mashine ya mama. Swali lilikuwa kama kuna kilichoguswa ndani yake, na alama inayovumilia kila kitu haiwezi kulijibu, kwa sababu itaendelea kusema "nimo" hata baada ya watu kukata na kushona.

Kwa swali lile inahitajika alama ya tabia nyingine kabisa: dhaifu kwa makusudi, kama lakiri kwenye bahasha. Thamani ya lakiri ni kuvunjika kwake. Hubandikwa mraba kwa mraba, na mtu akibadilisha uso wa mtu au akifuta noti iliyoshikwa mkononi, miraba iliyoguswa hupoteza alama yake huku mingine ikibaki nayo, hata unaweza kunyoosha kidole kwenye picha na kusema kwamba hapa ndipo palipochezewa.

Tatizo ni kwamba lakiri ya namna hiyo huvunjwa hata na mtu asiye na hatia. Video ikibanwa tu, kila mraba unalia. Kwa hiyo wapo waliotafuta njia ya katikati, alama inayovumilia kubanwa lakini haivumilii kubadilishwa. Mojawapo ya njia hizo naipenda kwa wepesi wake. Chukua namba mbili zilizo mahali pamoja katika miraba miwili tofauti. Picha ikibanwa kwa kipimo kimoja, namba zote mbili hubadilika, lakini ile iliyokuwa kubwa haiwi ndogo kuliko mwenzake. Zinaweza kulingana, basi. Uhusiano huo ukiandikwa kwa siri ndani ya picha, kubana kutauacha salama, na kubandika kipande kigeni kutauvuruga.

Bado kuna muda, na kwangu muda ndio uliokuwa mzigo. Mtu anaweza kuondoa fremu nzima nzima bila kugusa pikseli hata moja ya zilizobaki, na kila lakiri ikabaki nzima. Saa ya kwenye kona haisaidii sana, kwa kuwa nayo ni pikseli kama pikseli nyingine. Ndiyo sababu alama nzuri ya video hubeba pia namba ya mfuatano ya fremu. Tuseme mashine ya mama ingekuwa inahesabu kila fremu inayoiandika kwenye diski na kuificha hesabu hiyo ndani ya picha. Fremu ya mwisho kabla ya mruko ingekuwa na namba 18,402. Kama ya kwanza baada ya mruko ingekuwa na 18,403, tungejua kwamba mashine haikuandika kitu kwa sekunde tisa. Kama ingekuwa na 18,628, tungejua kwamba fremu 225 ziliandikwa kisha zikaondolewa, kwa sababu kamera zetu hupiga fremu 25 kwa sekunde.

Heshima ya mtu mmoja ilikuwa inategemea tofauti kati ya namba hizo mbili.

Ukuta uleule kila siku

Nisije nikaonekana nimepata imani mpya, kuna jambo lililonitia mashaka makubwa. Mwaka 2000 watafiti Matthew Holliman na Nasir Memon walionyesha kwamba alama inayokagua kila mraba peke yake, bila kuufunga na majirani zake, inaweza kudanganywa bila kuujua ufunguo wa siri, yaani namba ya siri inayotumika kuitia na kuikagua alama. Mdanganyifu hukusanya picha nyingi zilizotiwa alama kwa ufunguo mmoja, akachukua miraba halali kutoka huku na huku na kujenga picha mpya. Kila mraba unapita ukaguzi, na picha nzima ni uongo.

Kwa mtu wa kamera za ulinzi maneno hayo yanatisha kwa namna ya pekee. Kamera yangu haisogei. Inatazama kaunta ileile, rafu ileile na ukuta uleule, mwaka mzima. Mwenye kuishika mashine ana maelfu ya saa za miraba halali, kila mmoja ukiwa tayari mahali pake. Kipande cha kaunta tupu cha jana kinaweza kulala juu ya kaunta ya leo bila mshono kuonekana. Kinga ipo, nayo ni kuifunga alama ya kila mraba na majirani zake, na namba ya fremu na muda, ili mraba wa jana ukataliwe leo. Lakini lazima mtengenezaji awe ameifikiria, na sisi tunaonunua mashine kwa kuangalia bei tu tuwe na namna ya kumuuliza.

Nani ameshika ufunguo

Hata alama iliyofungwa vizuri inasimama juu ya ufunguo wa siri. Kampuni ya kamera ya Canon iliwahi kuuza mfumo wa kuthibitisha kwamba picha haijabadilishwa tangu ilipotoka kwenye kamera zake. Mwaka 2010 kampuni ya Elcomsoft ya Moscow ilionyesha kwamba imeuchimbua ufunguo uliokuwa ndani ya kamera hizo, ikatoa picha za kubuni zilizopita ukaguzi, mojawapo ikimwonyesha mwanaanga mwezini akiwa na bendera ya Kisovieti.

Juhudi za sasa ni pana zaidi. Mwaka 2021 Adobe, Arm, BBC, Intel, Microsoft na Truepic waliunda muungano wa C2PA, unaoweka kanuni za kuambatisha kwenye picha au video hati iliyotiwa saini ya kidijitali, inayoeleza ilipotoka na ilivyohaririwa. Mwaka 2023 Leica ilitoa M11-P, kamera inayotia saini hiyo mara tu picha inapopigwa. Hati ya namna hiyo husafiri pembeni ya picha, na programu za kutumiana ujumbe zinaweza kuidondosha njiani. Kwa hiyo kanuni hizo zinaruhusu pia alama fiche ndani ya picha yenyewe, inayoweza kumrudisha msomaji kwenye hati iliyopotea. Google nayo ina SynthID, alama fiche inayotiwa kwenye picha na video zilizotengenezwa na akili mnemba yake. Inafaa, lakini inafanya kazi kinyume na ninayoitafuta: inamtambua aliyetengenezwa, haimtetei aliyerekodiwa kweli.

Na kamera yenye saini bora kuliko zote, ukiielekeza kwenye kioo cha televisheni kinachoonyesha uongo, itautilia uongo huo saini kwa uaminifu wote.

Video isiyo na alama

Kuna wakati katika wiki hizo nilifikia kusema kwamba video yoyote isiyo na alama isipokewe mahali popote. Nilikuwa na hasira na nafsi yangu, na mtu mwenye hasira hupenda kanuni ngumu. Kilichonirudisha nyuma ni Kameruni.

Julai 2018 ilisambaa video ya wanaume waliovaa sare za jeshi wakiwaongoza wanawake wawili na watoto wawili kwenye njia ya vumbi, kisha wakawapiga risasi. Serikali ya Kameruni mwanzoni iliita video hiyo habari za uongo. Haikuwa na alama fiche, wala saini, wala jina la aliyeirekodi. Waandishi wa BBC Africa Eye, wakisaidiana na wachunguzi wengine, walichukua mstari wa milima uliokuwa nyuma ya watu hao na kuulinganisha na picha za setilaiti mpaka wakafika karibu na kijiji cha Zelevet, kaskazini kabisa mwa nchi hiyo. Kwa kutazama majengo, njia na urefu wa vivuli, wakabana tarehe kati ya Machi 20 na Aprili 5, 2015. Septemba 2020 mahakama ya kijeshi iliwahukumu wanajeshi wanne kifungo cha miaka 10 kila mmoja.

Kwa kanuni yangu ya hasira, video ile ingetupwa.

Nimejiuliza kwa nini basi kukosekana kwa alama kulichukuliwa kwa uzito mkubwa kwenye shauri la Kenya la mwaka 2017. Ukaguzi ulioamriwa na Mahakama ya Juu ulikuta baadhi ya fomu za matokeo ya urais zikikosa alama za usalama, ikiwemo alama ya maji, na jambo hilo likaingia katika sababu za kubatilisha uchaguzi, uamuzi uliotangazwa Septemba 1. Jibu nililolipata ni kwamba fomu zile zilitarajiwa kuwa na alama. Kila karatasi halali ilipaswa kuzaliwa nayo, na hivyo kuikosa kulisema kitu. Simu ya mtu aliyejificha kichakani akirekodi mauaji haikuwahi kuahidiwa alama, na kuikosa kwake hakusemi lolote. Siku tutakapoanza kuzipa uzito video zenye saini peke yake, tutakuwa tumewapa sauti wenye kamera za bei kubwa na kuwanyamazisha wengine.

Sheria yetu, nilipoisoma, niliiona ina busara kuliko kanuni yangu. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 kinataka mahakama, inapopima uzito wa ushahidi wa kielektroniki, iangalie ulivyotengenezwa, ulivyohifadhiwa na ulivyosafirishwa, na jinsi ukamilifu wake ulivyolindwa. Hiyo ni safari nzima ya video. Alama ni sehemu moja ya safari hiyo, na mimi, fundi, ni sehemu nyingine.

Nyuma ya kaunta

Sasa kila ninapotoa video ya mzozo wowote, nanakili faili la asili kwenye flashi mbili bila kuligeuza, pamoja na programu yake ya kulifungulia, na kisanduku cha alama nakijaza neno la duka hilo peke yake. Kisha nakokotoa alama ya vidole ya faili kwa SHA-256, hesabu ambayo jibu lake hubadilika faili likiguswa hata kidogo, herufi na tarakimu 64, na kumsomea mwenye duka moja baada ya nyingine huku akiziandika kwa mkono wake kwenye daftari, na mashahidi wawili wakitia saini chini yake. Huchukua dakika kumi. Nakala ya WhatsApp hutoka baadaye, na nasema wazi kwamba hiyo ni ya kutazama tu.

Juzi nilirudi kwenye duka la vitenge. Nilimwomba mama anipe saa moja baada ya kufunga, nikairudisha mashine kwenye mipangilio ileile ya siku ile, nikafungua droo, nikainama nyuma ya kaunta, nikatulia kama mtu anayehangaika na kufuli gumu. Nilifanya hivyo mara tano. Mara tatu mashine iliacha kurekodi nikiwa chini na ikaamka nilipoinuka. Mara moja saa iliruka sekunde saba, mara nyingine kumi na moja, mara nyingine sita.

Nilimwonyesha mama mafaili hayo kwenye kioo cha mashine yenyewe, bila kuyaunganisha. Nilimweleza kwamba haya hayaonyeshi hela ilikwenda wapi, na kwamba si uthibitisho kuwa kijana aliiweka. Yanaonyesha tu kwamba pengo lile lingeweza kutokea bila mtu yeyote kuficha kitu, na kwamba nilipaswa kuyasema hayo ndani ya ofisi ya mtaa.

Aliangalia faili la tatu mara mbili, kimya, akiwa amesimama na kitenge begani.

"Mwanangu," alisema, "namba yake mpya unayo?"